Mume Wangu Alitaka Shamba Linyamaze

Mpendwa Bi Biasha, shikamoo. Naomba uniwekee sawa kichwa changu kabla mama hajafika, na majina uyabadilishe, maana hapa Kibiti safu yako tunaisoma wote, na tusionunua gazeti tunaisoma ikiwa imefungiwa maandazi.

Mimi ni mwanamke mwenye nyumba yangu na mume wangu, nimwite Kheri, ni mtu mpole, anaswali, hanywi, hanipigi, akitoka ofisini anarudi nyumbani, kwa hiyo usimtafutie kosa huko, kosa lake ni ndege. Alianza kwenye simu, akaunganishwa na kundi la watu wanaopenda kutazama ndege, wengi wako Dar es Salaam, mara akawa na darubini, mara akawa na kamera yenye mdomo mrefu kama chupa ya chai, na siku hizi tukienda sokoni mimi nachagua nyanya yeye anatazama nyaya za umeme. Nimezoea.

Mwaka jana alipata likizo akaniambia safari hii tunakwenda kupumzika kama watu wengine, tunakwenda kisiwani kutazama ndege, na majirani waliposikia walicheka mpaka wakashika ukuta, shoga yangu Hadija akaniuliza kwani kunguru wa stendi wameisha. Mimi sikukasirika, kwa sababu kisiwa alichokichagua ni chetu, huko delta, unapanda boti Nyamisati mnaingia kwenye mikoko mpaka unasahau bara iko upande gani, na huko ndiko nilikolelewa na mama yangu mkubwa, Bi Hajira, tangu mama yangu mzazi alipofariki. Kwa Kheri huyo ndiye mama mkwe, hana mwingine.

Sasa kuna jambo Kheri hakulijua, kwani yeye kazaliwa Temeke, baba yake alikuwa na duka, mchele ameanza kuuona ukiwa ndani ya gunia. Kule kwetu mpunga ukianza kukomaa watu wanahamia shambani kuamia ndege, mnajenga dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, mnapanda humo tangu kunapopambazuka, mnapiga makopo, mnarusha udongo kwa teo, mnapiga kelele mpaka sauti inakauka, kwa sababu wapo kwelea, vile vindege vinavyokula nafaka, na kwelea hawaji wawili watatu. Shamba hili likipiga kelele wanarukia la jirani, na la jirani nalo likipiga kelele wanarukia la mbele, hivyohivyo mpaka wachoke wakatafute mbegu za majani. Shamba moja likinyamaza wote wanashuka humo.

Na jambo jingine, kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani ana kwa ana, wanaoneana haya, mama akitaka kumwambia Kheri neno ananiambia mimi hata kama Kheri amekaa hapo hapo anasikia, na Kheri naye akitaka neno kwa mama ananituma mimi. Kheri mwanzoni lilimchekesha, baadaye akalipenda, akasema kwao Temeke lingeokoa ndoa nyingi.

Tulifika tukapokewa vizuri mno, mama alitupa chumba chake akahamia dunguni, kaka yangu Abubakary, mwanawe mama, akawa anampeleka Kheri kwa mtumbwi kwenye vijito, akarudi ameona furukombe, ameona mdiria, ameona korongo wa kila namna, jioni ananionyesha kwenye kamera nami naitikia, na nikiri Bi Biasha kwamba sikuwahi kupumzika vile tangu niolewe, sikupika, sikufua, mama alikataa nisiguse kitu, kasema mimi pia ni mgeni.

Basi Kheri akasikia kwamba kwenye maji ya shambani kwa mama kuna ndege mmoja wa miguu mirefu anayejificha kati ya mashina ya mpunga, mwoga sana, wenzake wa kundi wote hawajampata, na kila alipokwenda kumvizia asubuhi anakuta kelele za makopo. Akaniambia, "Mwambie mama, kama haitamsumbua, kesho asubuhi watulie kidogo, asubuhi moja tu, nimpate yule ndege." Nikaenda nikamwambia mama kama alivyosema. Mama alikuwa amekaa dunguni na teo yake mapajani, alitazama mpunga, halafu akasema, "Mwambie hamna neno. Nyumba yake hii." Nikarudi nikamwambia Kheri hamna neno, akafurahi.

Asubuhi yake mama alishuka dunguni kabla jua halijatoka, akaja akakaa uani anasuka ukili wa mkeka, mgongo kaupa shamba. Kheri akajificha na kamera yake pembeni ya maji. Mashamba mengine yote yalikuwa yanapiga kelele kama kawaida, la kwetu kimya, na jua lilipochomoza nikasikia ule mvumo wa mbawa ambao mtu aliyekulia kule hawezi kuufananisha na kitu kingine. Walishuka, wakatua, wakainuka wakatua tena mbele kidogo. Jirani yetu wa shamba, Mzee Mwinjuma, akaanza kupiga kelele kutoka kwake, "Hajira! Hajira we! Umekufa au umelala?" Mama akaendelea kusuka. Mzee Mwinjuma akaja mbio na kopo lake mkononi mpaka uani, mama akampungia mkono kwamba arudi, akasema taratibu, "Wacha, Mwinjuma. Mie nna mgeni." Mzee akanitazama mimi, akatema mate pembeni, akaondoka.

Nami niliinuka, Bi Biasha, sikukaa tu, niliinuka nikimbilie shambani, mama akanishika kanga akasema, "Kaa chini, mwanangu. Utamwaibisha mwenzio." Nikakaa.

Yule ndege mwoga Kheri hakumpata. Ila alirudi jua limeshapanda, uso unang'aa, ananiambia hajawahi kuona kitu kizuri kama kile tangu azaliwe, maelfu kwa maelfu wanainuka kwa pamoja na jua nyuma yao, akanishika mikono mbele ya watu, mtu ambaye hata barabarani hatembei karibu yangu. Akasema, "Mshukuru mama sana." Nikamshukuru mama. Mama akasema, "Mwambie karibu tena."

Siku ya kuondoka, Kheri akiwa tayari kwenye boti, mama alinivuta pembeni ya mkoko akaniambia nisije nikamwambia neno. Alisema hivi, "Akijua ataona haya, hatakuja tena, na yeye asipokuja hata wewe hutakuja. Mpunga utaota mwaka mwingine." Nikamwahidi.

Mavuno yalipopita nilikutana na Abubakary stendi hapa Kibiti, alikuwa amekuja kutafuta unga wa muhogo wa kupeleka nyumbani. Nikamuuliza unga wa nini wakati nyie mnalima mpunga, akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu na mtu mwenye jibu, akasema, "Dada, si ulikuwepo?" Basi. Mama yangu, ambaye tangu nipate akili sijawahi kumwona ananunua chakula, anasuka mikeka anauza apate unga.

Na Kheri hajui. Ile picha aliyowapiga kwelea asubuhi ile ameikuza, ameiwekea fremu, ipo sebuleni juu ya kochi kubwa, kila mgeni akija inasifiwa, kundi lake limeisifu, bosi wake ameisifu, na mimi kila nikifagia chini yake naona wanakula. Sasa mambo mawili yamekuja pamoja. La kwanza, mama anakuja, macho ya karibu yanamsumbua, hawezi tena kuona ukili anaosuka, anataka kupimwa hospitali ya Mchukwi, atafikia kwangu, na macho ya mbali anayo mazima, akikaa tu kwenye kiti cha mgeni ile picha inamtazama. La pili, Kheri ameshaomba likizo ya mwaka huu, mwezi uleule, wakati wa mpunga, safari hii na wenzake wa kundi, wanataka kulala kwenye dungu lenyewe wiki nzima, na juzi ameniambia, "Mwambie mama atufanyie kama mwaka jana." Na ninamjua mama, nikimwambia atasema hamna neno.

Nikimwambia Kheri nimevunja ahadi ya mama na nimemharibia mume wangu kitu kimoja anachojivunia duniani. Nikinyamaza mama atalala njaa kwa heshima. Nimefikiria kuitoa ile picha niseme imeanguka. Nimefikiria kumwambia Kheri kisiwani kuna kipindupindu. Nimefikiria hata kumwambia mama asije. Nimechoka, silali, na Kheri anadhani nina mimba. Nishauri, mama yangu.

Ni mimi, Mtoto wa Kisiwani, Kibiti.

BI BIASHA ANAJIBU

Mtoto wa Kisiwani, marahaba.

Majina nimebadilisha. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikamhurumia mama yako, ya pili nikakukasirikia wewe, kwa hiyo jikaze. Mimi mwenyewe katika ndege nawajua kuku tu, na hao nawajua wakiwa kwenye sufuria, lakini hili lako halihitaji darubini.

Tuanze na mumeo ili tummalize. Aliomba kimya kama mtu anavyoomba maji ya kunywa, akaambiwa hamna neno, akashukuru, akamtuma mtu ashukuru tena. Ulitaka afanye nini zaidi? Anayo lawama moja. Mtu mwenye macho ya kuona ndege aliyejificha ndani ya mpunga alikaa kisiwani siku zote zile bila kuuliza wenyeji wanapiga makopo kwa sababu gani. Hilo mpelekee, mwambie limetoka kwangu.

Mama yako namwelewa, simsifu. Amemlisha mkwe wake chakula cha mwaka mzima kwa asubuhi moja, akakaa anasuka ili asione. Wapo wanawake wa namna hiyo, nyumba zetu zimesimama juu ya migongo yao, na ubaya wao ni kwamba hawasemi kitu mpaka wamekwisha. Mzee Mwinjuma peke yake ndiye aliyefanya la maana asubuhi ile, naye alifukuzwa.

Sasa wewe. Katika barua ndefu hivi kuna mahali umepita haraka sana, kama mtu anayepita mlangoni kwa jirani waliyenuniana naye. Umeandika, "Nikaenda nikamwambia mama kama alivyosema." Kisha, "Nikarudi nikamwambia Kheri hamna neno." Ukaendelea na safari yako. Binti, kila neno kati ya wale wawili lilipita mdomoni mwako, kwenda na kurudi. Wewe ndiye uliyekulia dunguni, wewe ndiye uliyejua asubuhi ndiyo saa ya kwelea, wewe ndiye uliyejua kwamba mama akimwambia mkwe hamna neno basi neno lipo. Ungeweza kumjibu mumeo palepale, "Haiwezekani, watakula mpunga wote," naye angenuna dakika mbili akaenda zake kupiga picha mikokoni.

Unasema ni desturi. Nami nimezaliwa pwani, desturi hiyo naijua. Mke anawekwa katikati kwa sababu wale wawili wanaoneana haya, ili apatikane mmoja asiye na haya hiyo, anayeweza kusema, "Mama hawezi," na anayeweza kusema, "Mume wangu hakujua." Hiyo ndiyo kazi yake. Wewe ulijigeuza simu. Ukapeleka sauti tu.

Najua kwa nini. Ilikuwa likizo yako ya kwanza, hukupika, hukufua, mumeo kakushika mikono mbele ya watu. Ulitaka ile furaha isiguswe na mtu. Nakuonea huruma, tena ya kweli, na wengi wanaosoma hapa wangefanya kama wewe. Lakini furaha ile ulikula wewe na mumeo, na unga wa muhogo anakula mama.

Kuhusu ahadi. Mama alikuomba unyamaze ili mkwe asione haya akaacha kuja. Sasa mkwe anakuja, tena na kundi zima, na ile ahadi imebaki haina kazi. Mama hakukuomba ulinde fremu ya sebuleni. Ukivunja, vunja waziwazi. Akifika tu, kabla hajavua viatu, mwambie, "Mama, nimemwambia." Atakukasirikia. Kubali kukasirikiwa, hutakufa.

Lakini Kheri aambiwe kwanza, kabla mama hajapanda boti. Acha habari za kipindupindu, utakuja kuwaletea watu balaa, na acha kuangusha picha. Msubiri atoke kazini, ale, ashibe, halafu mkalishe chini ya ile picha yake na umwonyeshe kwa kidole kila mmoja ameshika nini mdomoni. Mweleze dungu ni nini, teo ni nini, Mwinjuma alikuja na kopo kufanya nini. Na usiseme "mama aliharibikiwa" kana kwamba ni mvua iliyonyesha. Sema nani aliomba na nani alipeleka. Jina lako liwemo.

Ataumia. Kama ni mtu uliyemwandika, mpole, wa sala, ataumia sana, na kesho yake atataka kwenda kumwangukia mama yako miguuni. Mzuie. Mama mkwe akiombwa msamaha na mkwe wake ana kwa ana itabidi akimbie nyumba. Mwambie atumie desturi ileile iliyomnyima mama chakula. Mama hakuweza kumkatalia mkwe wake ombi, si ndiyo? Basi hataweza kumkatalia zawadi. Ampeleke mchele, magunia, yatangulie na Abubakary kisiwani mama akiwa bado kwako, na maneno yawe matatu tu, zawadi ya mkwe. Asieleze. Mama atajua.

Wale wa Dar es Salaam waandikiwe leo kwamba dungu ni mahali pa kazi na halilalwi na wageni. Wanaotaka ndege waje mpunga ukiwa umeshavunwa, au wakakae upande wa mikoko ambako hakuna anayewaamia. Atakayeuliza kwa nini, Kheri mwenyewe amjibu, itamfaa.

Na likizo yake asiifute. Ameipata mwezi uleule, vizuri sana. Aende. Mama macho yanamsumbua, anahitaji mtu wa kumpumzisha. Mkwe apande dunguni tangu kunapopambazuka, apewe kopo na teo, Mzee Mwinjuma amfundishe kurusha, nadhani atafundisha kwa furaha. Kamera aende nayo, sina ugomvi nayo, ila itundikwe kwenye mti mpaka jua lipande. Atawaona kwelea kuliko mtu yeyote katika kundi lake, na kwa mara ya kwanza atawaona mgongoni, wakiondoka.

Na picha umefikiria kuitoa. Haikuhusu. Ni ya Kheri, akishajua ataamua mwenyewe kama anaweza kukaa nayo sebule moja.

Basi funga gazeti, weka chakula motoni. Ujumbe wa mwaka jana ulimfikishia mama bila kupunguza neno hata moja. Huu wa leo unakwenda kwa mumeo, na mjumbe ni yuleyule.